Rodi ya Jodari Kwenye Uwanja wa Tena

Mutunga hakuwahi kumwona jodari akiwa hai, wala akiwa mfu, isipokuwa kwenye picha za katalogi. Hilo halikuwazuia watu kutoka Kilifi mpaka Shimoni kuvua kwa rodi alizowachagulia yeye. Ukitaka fimbo ya kuvulia, ile wenyewe dukani waliyoiita rodi, ya kumrushia jodari samaki bandia kwa mbali na kumvuta akishanasa, uliambiwa nenda kwa Shamis, Industrial Area, Nairobi, na ukifika pale usipoteze muda na mtu mwingine yeyote, mwulize Mutunga. Mzaliwa wa Kangundo, jamani! Kule ambako mto ukiuvuka kwa miguu maji hayakufiki magotini.

Aliingia kwa Shamis mwaka wa themanini na mbili, akiwa mbeba mizigo. Duka lilikuwa godauni la mabati lililojaa kamba, nyavu, maturubai na mahema, na upande mmoja rodi, rili za kukunjia uzi na masanduku ya samaki bandia wa rangi zote za harusi. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kutoka kwa zile zilizovunjika. Mteja akirudi na vipande viwili mkononi na matusi mdomoni, wenzake walibishana naye. Mutunga alivipokea vile vipande, akapatazama pale vilipoachana, kisha akauliza kwa upole: ulikuwa umesimama wapi, samaki alikimbilia upande gani, mkono wako wa kushoto ulishika wapi. Mteja anaeleza, hasira inamtoka, na Mutunga anayaweka yote kichwani. Kufikia mwaka wa tisini na sita alikuwa amesikiliza malalamiko ya watu kwa miaka kumi na minne, na hiyo ndiyo shule pekee ya uvuvi aliyosoma.

Shehena mpya ikifika, hakuna rodi iliyopanda rafuni kabla ya kupita mikononi mwake. Kwanza alichukua kipande cha stokingi kuukuu ya mkewe, akakipitisha kwenye kila pete ya rodi, maana ufa ambao jicho halioni, nailoni hunasa. Halafu alifunga uzi kwenye mtungi wa maji wa lita kumi na kuuvuta, akiangalia rodi inajikunja wapi. Ikijikunja ncha peke yake, hiyo ni ya samaki wa sufuria. Ikijikunja yote mpaka kwenye mpini, itamchosha mvuvi kabla haijamchosha samaki. Aliyoitaka ni ile inayokubali kwenye ncha na kukataa katikati. Mwisho alirusha kwa kipande cha mti wa jakaranda alichokichonga mwenyewe, uzito uleule wa samaki bandia wa jodari, aone kinaruka vipi. Katika rodi ishirini alikataa tatu au nne, na Shamis hakuthubutu kubishana naye.

Haya, mtu kama huyo ungemwonea wivu. Usimwonee.

Mkewe Kavutha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka wa tisini na tatu alipewa uhamisho akapelekwa Malindi. Aliandika barua tatu kuomba arudishwe Nairobi, na mara zote tatu akajibiwa kwa neno moja, subiri. Akaondoka na watoto. Muthoki alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Mwendwa alikuwa bado ananyonya. Mutunga akabaki Nairobi, mtaa wa Tena, katika vyumba viwili ambavyo walikuwa wakivilalamikia kwa udogo, na ambavyo sasa alikuwa akipotea ndani yake. Angeacha kazi awafuate, sivyo? Majirani walimwambia hivyo, na ni rahisi kusema. Miaka ile viwanda vilikuwa vinapunguza watu kama anayepalilia shamba, kila asubuhi malango ya Industrial Area yalijaa wanaume wenye vyeti mkononi, na mama yake Mutunga kule Kangundo alikuwa anameza dawa za presha kila siku. Mshahara wa mwalimu peke yake ungelipa nini na kuacha nini?

Basi akawa mtu wa Krismasi. Walikutana Kangundo siku tano, kisha kila mtu akarudi upande wake. Mara mbili alikata tiketi ya basi la kwenda Malindi, na mara zote mbili Shamis akamwita: shehena imefika, nani atazikagua? Na Agosti, watoto wakiwa nyumbani, ndio msimu wa jodari ulikuwa unaanza na duka halipumui. Hata bahari hakuwa ameiona. Alikuwa akiwauzia watu bahari kila siku na yeye mwenyewe hajui inanukaje.

Krismasi ya mwaka wa tisini na tano ndiyo iliyomvunja. Mwendwa, miaka mitatu, alijificha nyuma ya gauni la mama yake waliposhuka kwenye basi, akakataa kusalimia. Jioni kiu ikamshika, akamjia baba yake palepale alipokaa na kumwambia, "Anko, nipe maji." Nyumba nzima ilicheka. Mutunga alicheka kuliko wote. Akampa maji, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya ghala la mahindi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na kila mtu akajifanya hakuona. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, na maumivu yale alirudi nayo Nairobi.

Kwa hiyo mwezi wa tano, Shamis aliposimama katikati ya godauni na kutangaza kwamba anafungua tawi Malindi, na kwamba kabla ya Desemba litakuwa linauza, kila mtu alimgeukia Mutunga. Phelister, mama wa makamo aliyekaa kwenye keshi, alipiga makofi kabisa. Mutunga hakungoja. Siku hiyohiyo aliingia ofisini, akavua kofia, akaomba apelekwe.

Shamis hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe na liishe. Alimkalisha, akamwagizia chai, akamsifu mpaka chai ikapoa. Akamwambia mizigo yote, ya Nairobi na ya Malindi, lazima ipite hapa kwanza, na kama hapa hakuna jicho, kule watauza takataka. Mutunga alishikilia kikombe akasema habari za watoto. Shamis akajikuna ndevu, ndipo akasema neno ambalo Mutunga alitoka nalo kama mtu aliyepewa hatimiliki.

"Nipatie mtu mmoja anayechagua rodi kama wewe, Mutunga. Mmoja tu. Kesho yake nakupakia kwenye lori na godoro lako."

Phelister aliposimuliwa hakupiga makofi tena. Alisema mtu akikusifu kiasi hicho ujue hana nia ya kukuacha uende. Mutunga akamwambia aache roho ya kukata tamaa.

Akamchagua Tobias. Huyu alikuwa muuzaji mwenzao, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye mke na mtoto kule Mukuru kwa Njenga, anakuja kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na mdomo wake ungemuuzia samaki koti la mvua. Kuhusu rodi alikuwa hajui lolote. Lakini mikono yake ilikuwa mitulivu, na Mutunga aliamini mikono. Wakaanza darasa. Kila Jumapili baada ya kanisa, Tobias alivuka mpaka Tena, na wawili hao wakaingia uwanjani na rodi, rili na mtungi wa maji.

Tena nzima ilipata la kuongea. Hebu fikiria: watu wazima wawili katikati ya uwanja wa mpira, hakuna maji hata ya kuoshea mikono, wanarusha kipande cha mti na kukivuta, wanarusha na kukivuta. Wazee waliokuwa wakicheza drafti kwa visoda waliacha mchezo kuwatazama. Batulo, mwenye kibanda cha mboga pembeni ya uwanja, alimwuliza Mutunga kila Jumapili bila kukosa kama leo amuuzie sukuma, ama tayari amevua kitoweo. Tobias naye aliwajibu wote kwa niaba ya mwalimu wake. "Niaje, wazee! Leo tunatupa mpaka Donholm!"

Na kijana wa watu alishika kweli. Katika wiki tano alikuwa anagundua ufa wa pete kwa stokingi. Katika miezi miwili alikuwa akiuvuta mtungi juu ya nyasi na kusema bila kuulizwa, hii imelegea katikati, mwalimu, hii ipeleke kwa samaki wa ziwani. Kurusha ndiko kulikomkolea zaidi. Alitupa kile kipande cha jakaranda kutoka goli moja mpaka karibu na goli la pili, Mutunga akapima kwa hatua, wakapiga kelele kama wehu. Jumapili zikawa mashindano ya nani atafika mbali. Mutunga alijikuta anacheka peke yake njiani akirudi nyumbani, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka mitatu. Mwezi wa tisa alimwandikia Kavutha kwamba mtu wake ameiva. Kavutha akajibu kwamba amepata nyumba karibu na shule, ya vyumba vitatu, ameshahamia, na amewaambia watoto baba anakuja kukaa, si kutembea. Akaongeza kwamba Mwendwa anauliza kama baba anajua kuendesha baiskeli. Mutunga aliisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika.

Siku ya mtihani ikafika mwezi wa kumi. Kulikuwa na mteja mkubwa wa Shamis aitwaye Daktari Andati, daktari wa meno, Mluhya wa Vihiga ambaye alionja uvuvi wa baharini likizo moja na tangu hapo hakupona. Alikuwa amechoka kuvua kwa kuburuta chambo nyuma ya boti yake ndogo akiwa amekaa kama abiria. Alitaka rodi ya kurushia, asimame mwenyewe, awaone jodari wakirukaruka juu ya maji, awarushie mwenyewe. Shamis aliamua Tobias ndiye atakayemchagulia, Jumamosi alasiri, kwenye uwanja uleule wa Tena kwa kuwa pale dukani huwezi kurusha chochote bila kunasa waya za stima. Akamwita Mutunga kando na kumpa masharti. Leo wewe mtazamaji. Usifungue mdomo. Daktari akiondoka na rodi na furaha, Malindi ni yako.

Pikapu ya Shamis ikaingia uwanjani na rodi nne nyuma. Daktari Andati alishuka polepole, mtu mrefu aliyepinda kidogo mabegani, akawasalimia wazee wa drafti mmoja mmoja kwa mkono. Batulo aliacha kibanda chake wazi. Mutunga alisimama karibu na mlingoti wa goli, mikono nyuma.

Tobias hakutetereka. Alipitisha stokingi, akaikuta rodi moja ina ufa kwenye pete ya tatu, akaiweka kando na kumwonyesha daktari nailoni ilivyonasa. Alivuta mtungi juu ya nyasi kwa zile tatu zilizobaki, akakataa moja kwamba inajikunja mpaka kwenye mpini. Zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya futi kumi, nyembamba na ndefu, inang'aa buluu. Nyingine ya futi saba na nusu, nyeusi, nene, haina mvuto wowote. Tobias akarusha ile fupi kwanza, na kipande cha jakaranda kikaanguka mbele kidogo ya katikati ya uwanja. Akachukua ndefu. Akapiga hatua moja, akajipinda, akaachia. Kile kipande kilipita juu ya goli la pili na kuangukia kwenye ukoka wa barabarani, na watu wakashangilia kama timu yao imefunga. Daktari alijaribu mwenyewe, akafika nusu ya hapo, akacheka mpaka machozi. "Hii," alisema. "Hii hapa."

Shamis akamsogelea Mutunga bila kumtazama na kumnong'oneza akafunge godoro.

Kwa nini basi Mutunga hakufurahi? Kwa sababu alikuwa amezijua zile za futi kumi tangu zamani. Zilikuwa zimemrudia mikononi, moja baada ya nyingine, zote zimekatikia mahali pamoja, juu kidogo ya mpini, na wenyewe wote walikuwa wakivua kwenye boti ndogo, na wote walieleza kisa kimoja. Jodari haendi mbali tu. Akichoka kukimbia mbele huzama, huenda chini moja kwa moja, chini ya boti, na hapo rodi ndefu inamgeuka mwenyewe. Inalalia ukingo wa boti na kukatika, ama inamvunja mgongo aliyeishika. Ukiwa ufukweni, kwenye mwamba, futi kumi ni sawa kabisa. Kwenye boti ndogo ni balaa.

Na hilo hakumfundisha Tobias. Si kwa kuficha. Uwanja wa Tena hauna chini! Miezi mitano walivuta mtungi juu ya nyasi, mbele, daima mbele, watu wawili wa bara ambao hawajawahi kukanyaga boti, na kwa ile raha ya kutupa mbali Mutunga mwenyewe alisahau alichoambiwa na watu wazima kwa miaka kumi na minne. Tobias alikuwa amejibu sawasawa na alivyofundishwa. Kosa lilikuwa la mwalimu, nalo Mutunga alilitambua palepale penye mlingoti wa goli na kutamani ardhi immeze.

Akajaribu kunyamaza. Tusimdanganyie sifa, alijaribu kwa nguvu zake zote. Alijiambia daktari huyu huenda hatanasa jodari hata mmoja, wengi hawanasi. Alijiambia rodi ikivunjika itavunjika, si ya kwanza, tajiri hununua nyingine. Alijiambia itakapovunjika yeye atakuwa tayari yuko Malindi, na mtoto wake atakuwa ameshamzoea, na mtu akishazoewa na mwanawe hawezi kuondolewa tena. Alitazama chini akasubiri daktari alipe waende zao.

Daktari akamjia. Alikuwa anajifuta jasho kwa leso, amefurahi, anaongea kama watu wanavyoongea wakifurahi. Alisema miaka thelathini ya kuinamia vinywa vya watu imemharibu mgongo, mke wake anamwambia akae nyumbani asome gazeti, lakini mwakani anatimiza sitini na kitu pekee anachokitaka ni hiki. Kisha akamnyooshea ile rodi ya buluu.

"Fundi, wanasema wewe ndiye mwenye jicho. Ingekuwa ni wewe, ungechukua hii?"

Mutunga alimtazama Shamis. Shamis alikuwa anatazama mawingu. Sema ndiyo, bwana. Neno moja tu, hata kichwa tu ungetikisa! Alifungua mdomo kulisema, na lile neno ndiyo lilikuwa pale kwenye ulimi, lakini mkono wake ulikuwa umeshaipokea rodi, na mkono ule haukuwahi hata siku moja kumpa mtu rodi mbaya na kumwambia ni nzuri.

"Boti yako ni ya futi ngapi, Daktari?"

"Kumi na sita."

"Basi panda nyuma ya pikapu."

Hapo Shamis aliyaacha mawingu. Mutunga hakumtazama tena. Aliuweka mtungi wa maji chini, ubavuni mwa pikapu, karibu kabisa na gurudumu, akafunga uzi, akampandisha daktari nyuma na kumwambia hiyo ni boti yako, na huyu hapa chini ni jodari wako, mwinue. Daktari akavuta kwa ile ya futi kumi. Rodi ikajikunja yote, ncha ikapotelea chini ya gari, tumbo likalalia ukingo wa bati na kuanza kulia kri, kri. Mtungi haukusogea hata kidogo. Daktari aliinama zaidi, uso ukakunjamana, mkono mmoja ukaruka kushika kiuno. Mutunga akamwambia inatosha, akampa ile nyeusi ya futi saba na nusu. Daktari akavuta. Ncha ikainama, katikati ikakataa, na mtungi ukatoka kwenye vumbi, ukapanda, ukaning'inia hewani mbele ya macho ya Tena nzima huku maji yakicheza ndani yake.

Watu walipiga makofi, Batulo akapiga na vigelegele. Tobias alikuwa ameinamisha kichwa. Mutunga akamwendea na kumwambia mbele ya wote kwamba hakukosea, alifundishwa nusu, na aliyemfundisha nusu ndiye huyu hapa. Daktari Andati alishuka kwenye pikapu akiwa ameikumbatia rodi nyeusi, akamwambia Shamis, "Huyu mtu, Bwana Shamis, usimwachie aende popote."

"Nimwachie?" Shamis alicheka, akamwekea Mutunga mkono begani. "Mimi nimekuwa wazimu?"

Siku ya pili yake Mutunga alipiga simu Malindi kutoka kwenye kibanda cha simu. Jumapili saa kumi, kama walivyokubaliana, Kavutha alikuwa akingoja penye simu ya mwalimu mkuu. Alimweleza yote, bila kupunguza, hata lile la ndiyo iliyokataa kutoka. Upande wa pili zikasikika sauti za watoto wakicheza, na Mutunga akajikaza kusikiliza kama kati yao kuna wake.

"Ungenyamaza siku moja tu, Baba Muthoki," Kavutha alisema mwishowe. "Siku moja."

Hakumgombeza. Aliuliza kama anakula vizuri, akasema Muthoki amekuwa wa nne darasani, akakata simu. Mutunga alisimama na mkono wa simu sikioni mpaka aliyefuata kwenye foleni akagonga kioo.

Na unafikiri iliishia hapo? Kufikia mwisho wa Novemba tawi la Malindi lilihitaji mtu wa kusimama nyuma ya kaunta. Shamis aliwapima watu wake wote na kuona kwamba anayeweza kumkosa Nairobi bila hasara ni mmoja tu. Akampeleka Tobias. Mdomo anao, alisema Shamis, na mizigo itakuwa inakwenda ikiwa imeshachaguliwa na Mutunga, sasa kuna tatizo gani? Mutunga akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa stoo, akapewa koti jeupe lenye jina lake. Siku hiyo Phelister aligonga mihuri kwenye risiti kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, na hakuzungumza na Shamis mpaka saa za kufunga.

Lori lilipakiwa Ijumaa asubuhi. Mutunga mwenyewe alizikagua rodi sitini za Malindi, akakataa saba, akazifunga zilizobaki kwa matambara ili zisisuguane njiani. Tobias alikuwa amevaa shati jipya na haya zimemjaa usoni. Alijaribu kuomba msamaha, Mutunga akamkatiza. Tobias alikuwa na mke na mtoto katika chumba kimoja cha mabati, na sasa wote watatu walikuwa wamekaa kwenye kebini ya lori, mtoto amepakatwa, wanakwenda pamoja. Ungemkasirikia kwa lipi?

Mutunga akatoa kifurushi. Kilikuwa viatu vya Mwendwa. Alikuwa amesimama Makadara sokoni muda mrefu akigeuza viatu vya watoto, yeye anayejua uzito wa kitu kwa kukishika tu, na hakujua mguu wa mwanawe una ukubwa gani. Alinunua vikubwa. Akamweleza Tobias nyumba ilipo, nyuma ya shule, vyumba vitatu, ulizia Mwalimu Kavutha, na Tobias akarudia maelezo yote ili asipotee. Dereva akawasha injini.

"Mwalimu," Tobias aliita kutoka dirishani, "na siku akija mtu wa jodari nikakwama?"

"Nipigie simu."

"Na nikikosa kukupata?"

Mutunga alikuwa anakaza kamba ya turubai. Aliikaza mpaka mwisho, akaipiga fundo, akalijaribu fundo kwa kidole.

"Tobias," alisema, "kwani mimi nitakuwa nimeenda wapi?"